Bibi Kataa na Mtoto Majaribio

Simu ililia tena.

Msomaji, usijifanye umesahau. Ulimwacha Mwalimu Kufuli kwenye ukingo wa kochi la Bibi Kataa, laptopu magotini, jasho linatafuta njia kwenye paji la uso, na bibi mwenyewe anapapasa meza ya cherehani akitafuta miwani. Sasa miwani imepatikana. Ilikuwa kichwani.

"Subiri kidogo, Mwalimu," Bibi akasema. "Kazi kwanza, maneno baadaye."

Akaipeleka simu mbali na uso, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. Kisha akasoma kwa sauti ile ile anayowatangazia wateja kwamba kitambaa walicholeta hakitoshi.

"'Mwanafunzi wako Majaribio anaomba kufungua ukurasa: Maneno ya kumwambia mama wa msichana unayempenda. Kubali, au Kataa.'"

Mwalimu Kufuli akatamani kochi lifunguke limmeze. Kochi halikufunguka. Lilimchoma pini tu, maana ukikaa nyumbani kwa fundi cherehani pini hazikukosi.

Kama umeingia leo kwa mara ya kwanza, karibu, nafasi ipo. Shule ilipowagawia wanafunzi laptopu, mwalimu wa kompyuta ndiye aliyepewa kazi ya kuziwekea mipaka, na watoto hawakuchelewa kumpa jina. Mwalimu Kufuli akabuni utaratibu: mwanafunzi akitaka ukurasa ulio nje ya masomo, ujumbe unaruka hadi kwenye simu ya mlezi wake, na mlezi anakubali au anakataa.

Utaratibu mzuri sana, kwa mtu asiye na mtoto. Wazazi walichoka mapema. Simu inalia ukiwa kazini, inalia ukiwa bafuni, inalia bosi anapokuuliza swali. Mmoja wao akapata habari za bibi mmoja, fundi cherehani anayelea mjukuu, ambaye hachoki: kila ombi analisoma, analipima, halafu analikata. Mzazi yule akapeleka shuleni namba ya bibi huyo kama mlezi wa mwanawe. Wa pili akasikia, akafanya vivyo hivyo. Wa tatu hata hakuuliza. Leo nusu ya kidato cha tatu inafunguliwa intaneti na mwanamke mmoja mwenye futi ya kupimia nguo shingoni.

Mkuu wa Shule alipogundua, alifoka mpaka tai ikapinda. "Mtu mmoja hawezi kuwa mlezi wa mji mzima! Nenda kamwondoe!"

Hiyo ndiyo shughuli iliyomleta Mwalimu hapa mchana huu wa Jumamosi. Shughuli ya pili alijituma mwenyewe. Bibi ana binti wa mwisho, mkutubi wa shule ile ile, na Mwalimu amempenda binti huyo kwa ukimya mrefu kiasi kwamba hata vitabu vya maktaba vimeshajua. Leo alikusudia kumwomba Bibi baraka zake. Sasa fikiria mwenyewe: kumnyang'anya mtu kazi anayoipenda na kumwomba binti yake, vyote kwenye kikao kimoja.

Na Majaribio ni nani? Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa.

Majaribio si mtu. Ni mwanafunzi wa bandia. Mwalimu alimtengeneza siku ya kwanza ili apime kama mitambo inafanya kazi, na kwa kuwa kila mwanafunzi lazima awe na mlezi, akamwekea namba iliyokuwa karibu na mkono, namba ya Bibi. Akasahau. Baadaye, alipoona laptopu zote za walimu zinachungulika kutoka ofisini kwa Mkuu, akaanza kuingia kwa jina la Majaribio kila alipokuwa na jambo lake la siri. Nani angemfuatilia mtu asiyekuwepo? Kurasa nyingine zilifunguka, nyingine ziligoma, naye akailaani kampuni ya simu kwa mtandao mbovu. Fundi kajifungia ndani, kisha analaumu barabara.

Alikuwa ameigundua siri hiyo sekunde chache tu zilizopita, kwenye kochi, pamoja na pini.

"Mtoto huyu," Bibi akasema, akitikisa kichwa, "ananinyima usingizi."

"Mtoto yupi, Mama?" Sauti ya Mwalimu ilitoka nyembamba kama uzi wa kudarizia.

"Majaribio! Si mwanafunzi wako? Mimi nadhani hana mama."

"Kwa nini, Mama?"

"Wenzake wanaomba mpira na nyimbo. Huyu aliomba 'namna ya kupika wali usiungue chini'. Mtoto wa shule anajipikia! Nilibonyeza Kubali huku machozi yananitoka. Mara akaomba 'je, upara huanzia mbele au nyuma'. Nikajua, maskini, anamuulizia baba yake. Mzee atakuwa mgonjwa."

Mkono wa Mwalimu ulipanda wenyewe hadi utosini, ukashuka upesi.

"Na leo hii eti mapenzi!" Bibi akabonyeza. "Kataa. Asome kwanza."

Kwenye laptopu, ukurasa ukagoma. Kampuni ya simu ilikuwa haina hatia hata kidogo.

Hapo Mwalimu akapata wazo, na msomaji, wewe na mimi tumeishi mjini, tunajua mawazo yanayokuja mtu akiwa na jasho. Akasema moyoni: nimwondoe Bibi kwa Majaribio sasa hivi, kimyakimya, halafu tuendelee na mengine. Akiwa bado ndani kwa jina la Majaribio, akagonga kitufe hiki, akagonga na kile.

Simu ikalia.

"'Mwanafunzi wako Majaribio,'" Bibi akasoma, "'anaomba kukuondoa, usiwe tena mlezi wake. Kubali, au...'"

Hakumaliza. Alikaa.

Mwalimu alifumba macho. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe: mwanafunzi haruhusiwi kumfuta mlezi mpaka mlezi aridhie. Aliiweka baada ya watoto kuanza kuwafuta wazazi wao kama chaki ubaoni, na Mkuu wa Shule alimpigia makofi mbele ya walimu wote.

"Ananiacha," Bibi akasema polepole. "Baada ya wali wote ule."

"Mama, pengine amekosea tu kitufe..."

"Hajakosea. Nimekuwa mkali mno kwake." Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akairudisha usoni na kidole kikashuka kwa nguvu. "Kataa! Mtoto anayekukimbia ndiye anayekuhitaji. Jumatatu utaniletea, Mwalimu. Nimemshonea na shati."

"Shati?"

"Shati la shule, hilo hapo juu ya rundo. Nimekisia kipimo. Nimeona kijana mwembamba, mpole, asiyekula vizuri."

Mwalimu alilitazama lile shati jeupe, limepigwa pasi, vifungo vinang'aa, saizi ya mtoto wa miaka kumi na minne. Kudanganya mtu mkali ni rahisi, ndugu yangu. Jaribu kumdanganya mtu aliyekushonea shati.

Pazia la chumba cha ndani likasogea, akatoka Kasuku.

Kasuku ndiye mjukuu wa Bibi, wa kidato hicho hicho cha tatu. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya rangi zake. Alikuwa anamsuka shangazi yake huko ndani. Mafuta ya nywele yalimng'aa vidoleni na chanuo lilikuwa limechomekwa nyuma ya sikio.

"Shikamoo Mwalimu. Bibi, mpira wa kufungia nywele uko wapi?"

"Kwenye droo, mke mwenzangu. Chini ya zipu."

Kasuku akaenda kwenye droo, ambayo ilikuwa nyuma ya kochi. Alikaa huko zaidi ya mtu anayetafuta mpira. Mara Mwalimu akahisi pumzi sikioni.

"Mwalimu," Kasuku akanong'ona, "ukigonga, simu ya Bibi inalia."

"Nenda kasuke."

"Nimekutazama tangu nikiwa nyuma ya pazia. Unagonga, inalia. Unagonga, inalia. Majaribio hakai mbali, eh?"

Cherehani ilikuwa imeanza kuunguruma; Bibi alikuwa anamalizia hasira zake kwenye pindo la sketi, hasikii kitu.

"Nifungulie kurasa za muziki," Kasuku akasema. "Mimi na kidato chote. Mpaka tumalize shule. Nami nitakuwa bubu."

"Wewe? Bubu?"

"Nitajitahidi."

Fikiria bei hiyo. Kubonyeza mara moja tu na siri imezikwa, Bibi haumii, binti hajui, na Mwalimu anatoka mlangoni akiwa mkwe mtarajiwa. Kidole chake kilikwenda. Kilifika juu ya kitufe, kikasimama.

"Hapana," akanong'ona.

"Hapana?"

"Muziki wakati wa masomo hapana. Kwako wewe ndiyo kabisa. Hesabu zako nazijua. Siuzi kufuli langu."

Kasuku alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyekuta duka zuri limefungwa mchana. Halafu akainuka, akapaza sauti.

"Bibi! Hebu mwambie Mwalimu agonge tena hiyo laptopu."

Cherehani ikanyamaza.

"Agonge nini?"

"Agonge tu. Wewe shika simu."

Bibi alimgeukia Mwalimu, akaitazama laptopu, akaitazama simu. Watu waliokata vitambaa maisha yao yote hawahitaji kuonyeshwa mshono mara mbili.

"Gonga, Mwalimu."

"Mama, mashine hizi wakati mwingine..."

"Nimesema gonga."

Akagonga. Simu ikalia.

"Tena."

Ikalia.

Bibi akaiweka simu juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akasimama, mikono kiunoni.

"Majaribio!"

"Naam, Mama," Mwalimu akaitika.

Limeshatoka. Neno likishavuka meno hakuna kitufe cha kulirudisha.

Kasuku aliangukia kwenye rundo la sare za shule akicheka bila sauti, miguu juu. Bibi hakucheka. Alilichukua lile shati, akamwendea Mwalimu, akambandika kifuani. Lilimfika mbavuni. Mkono mmoja wa shati ungemtosha kidole gumba.

"Kwa hiyo mtoto wangu ndiye wewe," Bibi akasema.

"Nisamehe, Mama. Ni mimi. Sikujua kwamba yanafika kwako. Naapa sikujua."

"Na upara?"

"Wangu."

"Na wali?"

"Bado unaungua, Mama."

Bibi akajikaza. Mwalimu aliona midomo ikitetemeka, akadhani ni kilio, akaanza kujiandaa. Kumbe kilikuwa kicheko, na kilipotoka kilimtikisa bibi wa watu mpaka akashika cherehani asianguke.

"Nimekufokea siku zote hizi ukiwa mtu mzima na ndevu zako! Nimekukataza mashairi ya mapenzi! Juzi uliomba ukurasa wa saa nzuri ya kulala nikakukatalia, nikasema mtoto atajua tu mwenyewe akisinzia!"

"Nilisinzia, Mama."

"Basi subiri." Kicheko kikakatika kama uzi. Macho yakawa madogo. "Ukurasa wa leo ulisema mama wa msichana unayempenda. Umekuja kwangu. Umeketi kwenye kochi langu. Mimi nina msichana mmoja tu ambaye hajaolewa, ukimtoa huyu kichaa aliyelalia sare za watu."

Pazia likafunguliwa kwa kishindo.

Mkutubi alisimama mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa mistari iliyonyooka, nusu ya pili imesimama wima kama imesikia habari yote na haijaipenda. Alikuwa amesikia. Nyumba ile inatenganishwa na pazia, na pazia halijawahi kuzuia umbea.

"Mwalimu," akasema.

Mwalimu Kufuli akasimama. Laptopu nusura ianguke, akaidaka.

"Kwenye ofisi ya walimu meza yangu na yako zinatazamana," Mkutubi akasema. "Kila siku unakuja maktaba kuazima kitabu ambacho husomi. Najua husomi, maana kimoja nilikupa kichwa chini miguu juu, ukakitazama hivyo hivyo, na ukanirudishia ukisema kizuri."

"Kilikuwa... kizuri."

"Kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Sasa sikiliza. Umeiuliza mashine. Umekuja kumuuliza mama. Mimi ulipanga kuniuliza lini, tukishapata wajukuu?"

"Mwambie, Shangazi!" Kasuku akasema kutoka kwenye rundo.

"Nyamaza, wewe."

Bibi alikuwa ameketi tena, shati mapajani, anasikia raha kama mtu aliye kwenye kiti cha mbele harusini. "Mwanangu, kabla hujamla nyama, niseme langu. Wakwe wengi wanampokea kijana hawajui kichwani ana nini. Mimi cha huyu nimekisoma, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna uchafu. Hakuna kamari. Mara moja aliomba 'dalili za mtu kukudharau', nikamwonea huruma. Kidole changu kimezoea Kataa, mji mzima unajua. Lakini kwa huyu, mimi nabonyeza Kubali."

Mwalimu akapiga hatua moja mbele kwa furaha.

"Wewe ndiye unayeolewa?" Mkutubi akamuuliza mama yake.

"Siolewi mimi, nasema tu."

"Basi." Akamgeukia Mwalimu. Sauti ilikuwa bado kali, lakini pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu kinachohangaika kutoka. "Funga hiyo laptopu."

Akaifunga.

"Iweke mezani, mbali."

Akaiweka mezani, akaisukuma mpaka ikagusana na chupa ya mafuta ya cherehani.

"Mikono nione."

Akaonyesha mikono, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Sasa niulize. Kwa kinywa chako. Bila ukurasa."

Maneno yote aliyoyapanga yalimkimbia Mwalimu. Yakabaki machache ambayo hayakuandikwa popote.

"Nakuja maktaba kwa sababu uko maktaba," akasema. "Siku usipokuwepo narudi mlangoni. Nataka nisirudi mlangoni tena. Nataka tuwe pamoja, mimi na wewe, kama utanikubali. Wali nitajifunza."

Hata Kasuku aliinua kichwa kutoka kwenye sare. Mkutubi akavuta pumzi, na kile kilichokuwa kinahangaika pembeni mwa mdomo kikapata njia, kikawa tabasamu kamili. Akafungua mdomo ajibu.

Simu ikalia.

Wote wanne waliitazama laptopu. Ilikuwa imefungwa, iko mezani, kimya. Mikono ya Mwalimu ilikuwa bado hewani, viganja juu.

"Achana nayo, Bibi," Kasuku akasema.

Lakini mazoea ni kitu kibaya. Bibi alikuwa ameshaishika, miwani iko puani, na mdomo ukasoma kabla akili haijauzuia.

"'Mwanafunzi wako Majaribio anaomba kufungua ukurasa: Namna ya kumbembeleza mke aliyeondoka ili arudi nyumbani.'"

Tabasamu la Mkutubi likazimika.

"Mke gani?" akauliza.

"Si mimi! Laptopu imefungwa! Mikono hii hapa!"

"Umesema Majaribio ni wewe. Umeitika naam mbele ya mama yangu. Nakuuliza, mke gani?"

"Sina mke! Sijawahi kuwa na mke!"

"Basi anayembembeleza ni nani?" Bibi akauliza, na sauti ile haikuwa tena ya kicheko. "Majaribio wangu wako wangapi?"

Mwalimu Kufuli akafungua mdomo, na hapo hapo akaufunga.

Kwa maana alikumbuka. Neno la siri la Majaribio alikuwa amempa mtu mmoja tu. Mtu huyo aliingia chumba cha kompyuta mwanzoni mwa mwezi, akafunga mlango nyuma yake, akasema kwa sauti ndogo isiyo yake kwamba angependa kuingia kwa jina la yule mwanafunzi asiyekuwepo, ili akague mambo. Mwalimu hakuuliza ni mambo gani. Mtu hamuulizi hivyo Mkuu wa Shule.

Akilitaja jina hilo, amepona. Lakini atakuwa ameianika nyumba ya bosi wake sebuleni kwa mtu, mbele ya Kasuku, na Jumatatu kabla ya kengele shule nzima itakuwa inajua nani kaachwa na mkewe. Asipolitaja, mwanamke anayempenda ataamini anacheza na mume wa mtu.

"Nakusikiliza," Mkutubi akasema, mikono kifuani, nusu ya kichwa imesimama wima.

Kasuku alitoka kwenye rundo, akavuta kigoda, akakiweka katikati ya chumba asipitwe na neno.

Na Bibi, kidole kikielea juu ya simu, mara huku, mara kule, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hajui akishushe wapi.

"Haya, semeni upesi," akasema. "Kuna mtu huko anasubiri jibu langu, na naona amebonyeza tena."